Jumamosi Ina Wenyewe

Katika nyumba nyingi, akina mama wenzangu, Jumamosi ina wenyewe. Kwangu kuna nguo za wiki nzima, kuna kwaya saa kumi, na kuna watoto ambao tangu Jumatano wanauliza kama safari hii tutavuka kwenda Kigamboni kuogelea. Tangu mwaka jana siku hiyo imepata mgeni mwingine: mazoezi ya kumbukumbu.

Najua wapo watakaocheka. Mama wa watoto watatu, muuza vitenge, ameketi na saa mezani akishika maneno 50 kwa mpangilio! Lakini wanaomfahamu mama yangu mzazi hawacheki. Yeye aliyekuwa anajua siku ya kuzaliwa ya kila mjukuu, sasa ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Ni woga ulionipeleka kwenye mazoezi haya, nasema wazi.

Njia yenyewe ni ya kale. Wayunani walisimulia habari za mshairi Simonides: paa la ukumbi wa karamu liliporomoka, naye akaweza kuwatambua marehemu kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Basi unachagua nyumba unayoijua, unapita ndani yake kwa mawazo, na kila mahali unaacha picha ya kitu. Mbuzi amekaa kwenye kochi, amevaa miwani, huyo hasahauliki. Wanaoshindana katika mashindano ya dunia ya kumbukumbu, yaliyoanza London mwaka 1991, hufanya hivyohivyo, na moja ya mitihani yao ni kukariri karata. (Nami nilileta karata nyumbani. Mama mkwe alizitazama, akatoka nje bila kusema neno. Natumia maneno.)

Kwa kuwa siku nyingine niko dukani, nilitenga asubuhi ya Jumamosi, saa tatu hadi saa sita. Baba watoto hakugomba. Alisema tu, "Mama Neema, pantoni halingoji mtu akumbuke." Aliyenigusa ni kitinda mimba wetu. Alisimama mlangoni na taulo begani, akauliza, "Mama, mtihani wako unaisha lini?"

Mtihani huu hauna siku ya kuisha. Hapo ndipo penye ugumu wote.

Kilichonisaidia ni utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Neuron. Watu wa kawaida walifundishwa njia hii wakafanya mazoezi dakika 30 kwa siku, kwa siku 40. Katika orodha ya maneno 72, mwanzoni walikumbuka chini ya nusu. Mwishoni walikumbuka kama 62. Dakika 30! Na Mjerumani Ebbinghaus aliandika tangu mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Basi zile saa tatu nimezikatakata. Kila usiku, vyombo vikishaoshwa, nina nusu saa yangu na mlango umefungwa. Jumamosi tunavuka.

Sidai kwamba mazoezi haya yatanikinga na yaliyompata mama. Huko Marekani wazee 2,832 walichunguzwa, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa kila kundi liliendelea vizuri katika kile lilichofundishwa, si katika mengine. Anayekuuzia matumaini zaidi ya hayo, mshike mkono umrudishe mlangoni.

Jumamosi moja kila mwezi hatuendi Kigamboni. Tunapanda basi kwenda Muheza kwa bibi yao. Jina langu linampotea, lakini nyumba ya baba yake, iliyobomolewa kabla sijazaliwa, anayo yote. Nikimwuliza, ananishika mkono na kunitembeza ndani yake: hapa kitanda cha kamba, pale mtungi, usikanyage, paka amelala. Watoto huketi mkekani wakimsikiliza, na mara nyingine wanamsahihisha akiruka chumba.

Mwezi uliopita niliichukua nyumba hiyo kuwa yangu ya mazoezi. Nimeweka maneno 20 ndani yake, na la kwanza liko kwenye kinu, ukiingia mkono wa kushoto.