Kinywa Ni Jumba la Maneno

Waswahili walinena kuwa kinywa ni jumba la maneno. Tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi nimeitumia methali hii katika insha zangu, na kila mara niliifafanua vivyo hivyo: kwamba mtu achunge asemayo. Haikunipitikia kamwe kwamba jumba huwa na nguzo, na kwamba nguzo hizo zaweza kuoza na kung'olewa moja baada ya nyingine hadi maneno yakakosa pa kukaa. Fundisho hilo nililipata kwa nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagiriama tunamwita Hawe. Nawaletea, wanachama wenzangu, kwa kuwa lilinifedhehesha kwanza kabla ya kunielimisha.

Kwetu ni Ganze, kando ya barabara itokayo Kilifi kuelekea Bamba. Msafiri aendaye huko huiacha minazi na upepo wa bahari nyuma yake, na kadiri anavyopanda bara ndivyo mibuyu na vichaka vya miiba vinavyomlaki. Ni nchi ya mbuzi, mahindi na mvua ya kubahatisha. Katika nchi hiyo Hawe alikuwa redio yetu kabla hatujawa na redio. Jioni, baada ya sima na mchunga, angeketi mkekani na kuita, "Paukwa!" nasi tungeitika, "Pakawa!" Kisha Sungura na Fisi wangeanza visa vyao. Wageni waliotutembelea kutoka mjini walipenda atambe kwa Kiswahili, lakini alipofika penye wimbo alirejea Kigiriama, kwa maana alisema wimbo haukubali kuhama nyumba.

Meno ya Hawe hayakuondoka kwa siku moja. Moja lilitoboka, likauma usiku kucha, likang'olewa. Mengine yalilegea kwa ugonjwa wa fizi, nayo yakang'olewa. Kung'oa ndiyo tiba iliyokuwa karibu na yenye bei nafuu. Kuziba jino au kutibu mzizi wake kulihitaji safari na fedha ambazo kila mara zilikuwa na kazi nyingine. Hatimaye akawa kibogoyo. Wanawe wakachanga, akatengenezewa meno ya bandia ya juu na ya chini. Yale ya juu yalikaa. Yale ya chini hayakupata kutulia tangu siku ya kwanza, na kila mwaka yalizidi kucheza kinywani kama kiatu cha kuazima.

Mwaka wa 2020, usiku mmoja wa matanga, Hawe aliombwa awachangamshe watoto kwa hadithi. Aliita, "Paukwa!" kwa sauti ile ile tuliyoijua. Alipofika pa kumtaja Fisi, ulitoka upepo na mbinja badala ya jina, na meno ya chini yakaruka hadi mkekani. Watoto waliangua kicheko. Watoto hawana kosa. Hata mimi nilitabasamu gizani. Hawe aliyaokota meno yake, akayafunga katika upindo wa leso, akaingia ndani. Tangu usiku huo hakutamba tena. Isitoshe, akaanza kula peke yake, baada yetu sote, ameuelekea ukuta.

Sasa nifike penye fedheha yangu. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2021 nilitumwa nyanjani kukusanya data ya somo la fonolojia. Ni nani angenifaa kuliko Hawe? Vitabu vya isimu hutufunza tumtafute mzee aliyezaliwa na kukulia mahali pamoja, asiyesafiri sana, ambaye lugha yake haijachanganyika. Nilimbembeleza, akakubali kunisomea orodha ya maneno, ila si hadithi. Nikanasa sauti yake kwa simu. Nilirudi chuoni nikiwa na furaha ya mvumbuzi. Katika ripoti niliandika kuwa katika usemi wa msimulizi wangu sauti /dz/ ya Kigiriama, kama ilivyo katika neno madzi, yaani maji, ilikuwa inageuka na kukaribia /dh/. Kwamba /s/ ilikuwa inapoteza makali yake. Na kwamba /f/ ilikuwa inatamkwa kwa midomo miwili badala ya mdomo na meno. Nilihitimisha kwa ujasiri kuwa tulikuwa tunashuhudia badiliko la sauti.

Mwalimu alinirudishia ripoti ikiwa na swali moja pambizoni: "Je, umechunguza meno ya msimulizi?"

Nilisoma swali hilo mara tatu. Ni mwalimu huyo huyo aliyetufunza katika mwaka wa kwanza kuwa ala za matamshi ni za aina mbili, ala sogezi kama vile ulimi na midomo, na ala tuli kama vile meno, ufizi na kaakaa gumu. Nilikuwa nimekariri orodha hiyo na kuipitia mtihanini. Kumbe katika kinywa cha Hawe ala tuli ilikuwa inatembea! Ulimi ulipoinuka kuifuata sauti, ulikuta meno yamehama. Ndipo nikaelewa pia kwa nini usiku ule wa matanga neno "Paukwa" lilitoka likiwa timamu ilhali "Fisi" alimwangusha. Paukwa na Pakawa hutamkwa kwa midomo na nyuma ya ulimi. Hazidai jino hata moja. Jina la Fisi, kinyume chake, linahitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini kwa ajili ya /f/, kisha hewa ipite katika upenyo mwembamba na kuyapiga meno kwa ajili ya /s/. Hadithi ilikuwa na mlango mzima, lakini ndani nguzo zilikuwa zimeanguka. Na mimi, mjukuu wake, nilikuwa nimeyaita maumivu yake "badiliko la sauti".

Sikuweza kulala na jambo hilo. Likizo iliyofuata nilimpeleka Hawe kwa daktari wa meno mjini Mombasa. Daktari alimpiga picha ya taya, kisha akatueleza kwa upole. Mfupa wa taya, alisema, huishi kwa kufanya kazi. Jino linapong'olewa, mfupa ulioshika mzizi wake hukosa kazi na huanza kupungua, kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole kwa miaka yote iliyosalia. Meno ya bandia ya juu husaidiwa na kaakaa, ambalo ni pana na huyanyonya yakakaa. Ya chini yana umbo la kiatu cha farasi, hukaa juu ya ukingo mwembamba, na ulimi huyasukuma kutwa nzima. Ndiyo maana ya Hawe yalikuwa yanazidi kulegea: si meno yaliyobadilika, bali ardhi iliyo chini yake ilikuwa inamomonyoka.

Alitutajia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kutengeneza seti mpya ya chini inayolingana na ufizi ulivyo sasa, akijua kwamba nayo baada ya muda ingecheza. Ya pili ilikuwa vipandikizi: skurubu mbili ndogo za titani zipandwe katika mfupa wa sehemu ya mbele ya taya la chini, zingojewe miezi kadhaa hadi mfupa uzishike, kisha meno ya bandia yabanwe juu yake kama vishikizo vya nguo vinavyobonyezwa. Hawe angeweza kuyavua mwenyewe usiku na kuyasafisha.

Niliporudi chuoni niliisaka historia ya jambo hili maktabani. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, katika mwaka wa 1952 alikuwa hachunguzi meno hata kidogo. Alikuwa ameweka vifaa vya titani katika mifupa ya miguu ya sungura ili atazame jinsi mfupa unavyopona. Alipotaka kuvitoa vifaa vile, havikutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka wa 1965, huko Gothenburg, alimpandikizia Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na upungufu wa meno, na vipandikizi hivyo vilimtumikia mtu huyo hadi alipofariki mwaka wa 2006. Mwaka wa 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walitamka kuwa, kwa mtu asiye na jino hata moja katika taya la chini, meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo yafaa kuwa chaguo la kwanza. Nilicheka peke yangu. Sungura, ambaye kwetu humshinda kila mnyama kwa hila, huko Uswidi alikuwa ametoa mguu wake ili meno yapate kurudi.

Aidha, nilisoma juu ya Wadinka na Wanuer wa Sudan Kusini waliong'olewa meno ya mbele ya chini utotoni kwa mujibu wa mila zao, kisha vita vikawafikisha jimbo la Nebraska, Marekani. Baadhi yao waliwekewa vipandikizi huko. Nyumbani pengo lilikuwa alama ya utu uzima. Ugenini liliwatatiza wanapouma chakula na wanapotamka Kiingereza. Kwa hiyo suala la meno na lugha halikuwa la nyanya yangu pekee.

Lakini kusoma ni rahisi kuliko kulipa. Gharama aliyoitaja daktari ilizidi karo yangu ya mwaka mzima. Tulikuwa katika mwaka wa 2022, na ukame ulikuwa umekausha mabwawa na kupunguza mifugo kote Ganze. Familia ilikutana chini ya mwembe. Baba mdogo alisema, pasipo ubaya, kuwa fedha za namna ile hutumika kwa watoto walio mbele ya maisha, si kwa mzee aliye ukingoni. Hawe mwenyewe alimuunga mkono. "Mfupa wangu huu u karibu kurudi udongoni," alisema huku ameziba mdomo kwa leso. "Mnataka kuupanda chuma wakati shamba halijapandwa mahindi?"

Shangazi, ambaye huongea mara chache, akamuuliza, "Mama, ukiacha habari ya fedha, wewe mwenyewe wataka nini?"

Hawe alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nataka kula pamoja nanyi, si baada yenu."

Hakuna aliyeongeza neno. Baba mdogo alitazama chini, kisha akasema angeuza fahali aliyebaki. Shangazi akaahidi fedha za korosho za msimu. Mimi niliahirisha muhula mmoja wa masomo, nikafanya kazi ya kupakia mizigo Kilifi. Sisemi haya ili nisifiwe. Karo ya muhula ule ilikuwa jasho lao, nami niliwarudishia sehemu ndogo tu.

Vipandikizi viliwekwa mwaka wa 2023, baada ya Hawe kupimwa shinikizo la damu na sukari. Aliniambia baadaye kuwa ganzi ilimshangaza kuliko maumivu. Kisha ikawa kungoja. Watu wa Ganze wanajua kungoja. Hupanda mbegu katika udongo mkavu wakatazama mbingu. Baada ya zaidi ya miezi mitatu daktari alijaribu skurubu zile, akazikuta zimeshika. Meno yakabanwa. Jioni tuliporudi nyumbani Hawe aliomba hindi la kuchoma. Alilitafuna taratibu, punje kwa punje, ameketi katikati yetu, na hakuna aliyethubutu kumaliza kula kabla yake.

Mwaka wa 2024 nilinasa upya orodha yangu ya maneno. Neno madzi lilitoka na /dz/ yake kamili. "Badiliko la sauti" nililolivumbua lilikuwa limetoweka. Niliiandika ripoti upya, na katika sehemu ya mbinu za utafiti nikaongeza maelezo ya meno ya msimulizi, jambo ambalo sasa nalifanya kwa kila mzee ninayemhoji.

Nisingependa, hata hivyo, msomaji adhani kuwa mambo yote yamekuwa shwari. Vipete vya ndani ya meno yale huchakaa na hudai safari ya Mombasa kuvibadilisha. Hawe hana budi kupiga mswaki kuzunguka skurubu kila usiku, la sivyo ufizi utaugua na mfupa kuziachia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza madaktari wa meno mwaka wa 1974, lakini hadi leo jirani zetu wengi tiba wanayoijua ni ile ya koleo. Si kila ukoo una fahali wa kuuza. Na jino lililozibwa mapema lingetuokolea yote haya.

Isitoshe, Hawe anatamba tena, ila hatambi zote. Ziko hadithi mbili za utoto wangu ambazo nimemwomba mara nyingi. Huanza, husita, hutikisa kichwa. Anasema zilikaa kimya mno zikasahau njia. Meno yamerudi, hadithi hizo hazijarudi, na mimi niliyezisikia mara kumi nilikuwa mtoto, sikuziandika.

Ndugu zangu wa chama, kila likizo twatawanyika vijijini na vinasa sauti vyetu kuchuma methali, nyimbo na ngano kutoka vinywani mwa wazee. Twawauliza majina ya mitishamba, ya kaya na ya mababu. Naomba tuongeze swali moja dogo kabla ya kubonyeza kitufe: "Hawe, meno yako yakoje? Unakula vizuri?" Jibu lake litatusahihishia data. Na huenda likatufanya, kabla ya kuchukua maneno, tuulizane iwapo tunaweza kusaidia kusimamisha nguzo moja ya jumba tunalochota humo.