Lori lililokosa pumzi kwenye mlima wa Ngomo

Ni nani kati yenu aliyepata kusafiri juu ya magunia ya lori kutoka Uvira kwenda Bukavu? Aliyefanya hivyo hahitaji kuelezwa Ngomo ni nini. Kwa wengine nitasema hivi: Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha meta 770 hivi juu ya bahari, Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha meta 1,460, na mto Ruzizi huteremka kutoka Kivu mpaka Tanganyika. Maji yanashuka bila taabu. Lori lenye mzigo ndilo linalopaswa kupanda.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2008. Lori letu lilikuwa kuukuu, la zamani za injini zisizo na kompyuta ndani yake. Juu ya magunia ya mchele na ndagala tulikuwamo watu kumi na wanne, pamoja na mama mmoja mwenye mtoto mchanga na mwanafunzi aliyekumbatia sanduku lake la bati. Kiliba, Sange, Luvungi, tulipita pote salama, kwa maana bonde la Ruzizi ni tambarare. Kisha mvua kubwa ikatunyeshea mpaka Kamanyola. Hapo magari mengi madogo yaliiacha njia yetu, yakavuka mpaka ili kufuata lami ya Rwanda. Sisi tukaukabili mlima.

Barabara ya Ngomo imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili genge ambalo mwenye busara halitazami. Tulikuwa tumepanda kama nusu saa, mara injini ikaanza kudhoofika, ikakohoa, ikanyamaza. Kabla dereva hajatoa sauti, kijana msaidizi wake alikwisha ruka chini na kusukuma kabari ya mti nyuma ya gurudumu. Tulishuka upesi, mama na mtoto wake wa kwanza. Yafaa mjue kwamba breki za malori makubwa hutumia hewa iliyoshindiliwa, na injini yenyewe ndiyo inayoijaza hewa hiyo. Katika malori mengi ya zamani, injini ikizima na hewa ikavuja, breki hulegea kidogo kidogo. Ndiyo maana kabari ile ina thamani kuliko viti vyote.

Baada ya dakika kumi injini ikakubali kuwaka. Tukaenda mwendo mfupi, ikazima tena. Mara ya tatu ikatuacha penye kona, na nyuma yetu malori mawili yakapiga honi bila kukoma.

Kati ya abiria alikuwamo fundi kijana. Akasema, “Papa, pampu imekufa. Nipe funguo niifungue.”

Alikuwa na maana ya pampu kubwa inayogawia kila silinda mazuti yake. Injini hizi, ambazo Rudolf Diesel alifaulu kuonyesha ya kwanza kule Augsburg mwaka 1897, hazina plagi za kutoa cheche. Pistoni huishindilia hewa hata ikapata joto la kupita digrii 500, ndipo mazuti yanapopulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Ili kuyapuliza kwa nguvu namna hiyo, vyuma vya ndani ya pampu huachiana nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimeta. Chembe moja ya mchanga yatosha kuviharibu.

Dereva, mzee wa maneno machache, alijibu, “Mwanangu, tukiifungua hapa penye matope, hatutaifunga tena. Ndagala hizi zitaoza, na mwenye lori atauza nyumba.” Kwa macho yangu mwenyewe nimeona pampu nyingi zilizouawa na bisibisi kuliko zilizokufa kwa uzee, kwa hiyo nilifurahi kimoyomoyo.

Kisha akamwuliza msaidizi wake, “Injini ilipodhoofika, moshi ulikuwa wa rangi gani?”

“Hapakuwa na moshi, Papa.”

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa barua. Moshi mweusi ungalimwambia kwamba mazuti ni mengi kuliko hewa: labda chujio la hewa limeziba, au mzigo umezidi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweupe ni mazuti yasiyowaka, au maji yaliyoingia mahali pasipo pake. Lakini injini inayolegea bila moshi, tena yapona ikipumzika, hiyo haina ugonjwa, ina njaa. Mazuti hayaifikii.

Akaanza na vitu visivyo na gharama. Chujio la mazuti lilibadilishwa Uvira juzi yake, nalo lilikuwa safi. Akajaribu pampu ndogo ya mkono. Kitasa chake kikawa kigumu, kikarudishwa ndani kana kwamba mtu anakivuta kutoka upande wa tangi. Hapo akaliendea tangi lenyewe.

“Kifuniko kiko wapi?”

Kijana akainamisha kichwa. Kifuniko kilikuwa kimeibwa Uvira usiku ule. Kwa kuogopa kukemewa alichonga kizibo cha mti, akakizungushia mpira wa ndani wa gurudumu, na mvua ilipoanza akakigongomea kwa jiwe. Dereva akakichokonoa kwa chuma. Kilipotoka, tulisikia sote: fuuu! Tangi lilivuta pumzi ndefu, na bati lake likalia.

Kumbe kifuniko halisi kina tundu dogo la kuingizia hewa mahali pa mazuti yanayonyonywa. Katika tambarare injini hunywa kidogo, na hewa iliyopenya kandokando ya kizibo ilitosha. Mvua iliuvimbisha mti. Mlima ukaongeza kiu.

Mzee akapasha msumari moto, akatoboa kizibo. Akalegeza skrubu ya chujio na kusukuma pampu ya mkono mpaka povu likaisha, mazuti matupu yakatoka. Injini ikawaka, ikatoa moshi mweupe kidogo, kisha ukaisha.

Tulipopita Nyangezi giza lilikuwa limeingia. Yule fundi kijana, aliyekuwa kimya tangu pale penye kona, akainama dirishani kwa dereva. “Papa, na kama moshi ungalikuwa mweusi?”

“Ningalianza na chujio la hewa. Panda ndani, mvua inarudi.”