Baridi Inatoka Chini

Wamama wapendwa, tulipokaa Jumamosi kuhesabu pesa za kikundi, mama mmoja alitoa wazo la kununua matela za upepo, zile za kujaza na pompi. Alisema: "Ni nyepesi, zinakunjwa, zinaingia ndani ya mfuko. Mgonjwa akilazwa, anayemlinda hatalala tena sakafuni. Kukiwa matanga, tunazitoa. Na kama itabidi tukimbie tena, kila mama anabeba yake." Wote wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza. Nimelala juu ya matela ya namna hiyo zaidi ya mwaka mzima, na niliona afadhali niandike pole pole kuliko kujibu kwa haraka.

Tulipotoka hapa Muheto mwaka wa 2023, tulifika Bulengo, karibu na Goma. Waliopita kule wanajua ardhi yake. Si udongo kama wetu huku milimani, ni mawe ya volkano, meusi na yenye meno. Tulikuwa na shitingi moja, blanketi mbili na vikwembe vyangu. Usiku wa kwanza niliwafunika watoto kwa blanketi zote mbili, na chini nikatandika kikwembe tu. Kabla ya mapambazuko walikuwa wanatetemeka, meno yanagongana.

Asubuhi mama mkwe aliniita. "Binti yangu, baridi haitoki juu, inatoka chini. Umewahi kuona kuku anajifunika? Anatengeneza kiota chini yake." Siku hiyo tulitafuta majani makavu na makartoni, tukayatandika juu ya shitingi, na blanketi moja ikashuka chini. Usiku wa pili watoto walilala. Hatukuongeza kitu juu yao. Tulipunguza hata.

Baada ya miezi michache mdogo wangu anayeishi Kampala alitutumia matela ya upepo. Furaha ilikuwa kubwa, majirani walikuja kuigusa. Mgongo wangu ulipumzika kweli. Lakini nilishangaa: ni laini, na bado baridi inanipanda mbavuni. Nilifikiri nina malaria.

Sasa najua sababu. Ndani ya matela ile ni upepo mtupu, na upepo ule unatembea. Unachukua joto la mwili wako, unalipeleka chini, unarudi na baridi ya mawe. Sponji na kartoni zina upepo pia, lakini umefungwa ndani ya vitundu vidogo, hauna njia ya kutembea, ndiyo maana zinashika joto. Kuna matela za upepo zenye sponji au kitambaa kizito ndani, nazo zinashika joto vizuri, lakini bei yake ni ya juu. Watengenezaji wengine wanaandika kipimo chake kwa herufi R. Ikiwa chini ya 2, ni ya usiku wa joto. Kwa baridi ya milima yetu tafuta 3 au 4. Na vipimo vinajumlishwa: ukiweka tandiko la 2 juu ya lingine la 2, umepata 4. Mama mkwe hakusoma herufi hiyo popote, lakini hesabu yake na makartoni ilikuwa ni ileile.

Wiki haikuisha, jiwe likaitoboa. Tulipaka maji ya sabuni, tukaona povu linapotokea, tukampelekea fundi wa baiskeli. Kiraka chake kilibanduka siku ya pili, kwa sababu gundi ya mpira wa baiskeli haishiki vizuri juu ya plastiki. Fundi wa viatu ndiye alitusaidia, lakini hata kiraka chake kilivujisha kidogo kidogo.

Sasa nafika pale ambapo ni vigumu kuandika.

Kitinda mimba wangu alikuwa na miezi saba. Nilimlaza pamoja nami juu ya matela ile, maana niliona ndiyo mahali pazuri kuliko pote tulipokuwa napo. Usiku mmoja upepo ulipungua nikiwa usingizini. Pale nilipolala pakazama kama shimo, na mtoto akabiringika kuja ndani ya shimo, uso wake ukashikana na plastiki. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimechota maji siku nzima. Mama mkwe ndiye aliamka, na hadi leo hajui kilichomwamsha. Alimvuta mtoto kwa mguu. Mtoto alikaa kimya kwa muda ambao siwezi kuupima, halafu akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Kesho yake kijana wa jirani, aliyesoma Kiingereza, alichukua boksi la matela na kutusomea. Onyo lilikuwa limeandikwa pale: mtoto wa miezi 15 au chini yake asilazwe juu yake kamwe. Boksi lile lilikuwa pembeni ya kichwa changu usiku wote ule. Tulikuwa tunaweka chumvi ndani yake.

Tangu siku ile mtoto alilala pembeni, juu ya mkeka na blanketi iliyokunjwa vizuri, mahali palipo sawa na pagumu kidogo, chali, bila nguo karibu na uso. Makambi yalipofungwa mwezi wa pili 2025 tulipanda kurudi, na leo anakimbiza mbuzi wa watu hapa Muheto. Kila nikimwona, nakumbuka boksi lile.

Kwa hiyo, wamama, sisemi matela za upepo ni mbaya. Mwenye nayo aitumie hivi. Aokote mawe kwanza, atandike shitingi, halafu makartoni au majani, ndipo matela, na juu yake mkeka au blanketi. Asipulize kwa mdomo, maana pumzi ina maji na ndani kutaoza na kunuka, atumie pompi. Asiijaze ikawa ngumu kama ngoma: alale ubavu, na kama nyonga haigusi chini, inatosha. Usiku upepo ukipoa unajikunja, matela inalegea kidogo; si lazima imetoboka. Aiongeze kabla ya kulala, na mchana asiiache juani ikiwa imejaa, mishono itapasuka. Iwe mbali na jiko la makala. Na mtoto mchanga asilale juu yake, hata kwa dakika moja ya usingizi wa mchana.

Lakini kwa pesa za kikundi, mimi naomba tununue matandiko ya sponji ngumu, yale yanayokunjwa kama mkeka. Hayatoboki, hayahitaji pompi, na jiwe likiyakata kona, sehemu iliyobaki bado inafanya kazi. Mkiyajaribu dukani, bonyezeni kwa kidole muone kama yanarudi haraka. Dondosheni tone la maji juu: likikaa pale bila kunywewa, hiyo ndiyo tunayotaka, kwa sababu sponji inayokunywa maji ikilowa itakaa siku nyingi bila kukauka. Anayeshuka Goma wiki hii apeleleze bei Birere na soko la Virunga, atuletee kabla hatujafungua sanduku.

Mama uliyetoa wazo, usihuzunike. Ulifikiria mgongo wa anayelinda mgonjwa, na hakuna mwingine kati yetu aliyeufikiria. Tukutane Jumamosi. Nitakuja na kipande cha kartoni na blanketi moja, na kila mmoja atakaa chini kwenye sakafu ya saruji kwa dakika kumi, kwanza bila kartoni, halafu juu yake. Baada ya hapo tupige kura.