Majibu ya Mwanangu Yako Wapi?

Nachukua damu ya watoto kwa ajili ya utafiti wa zebaki, kuanzia mialo ya Geita hadi vijiji vya wachimbaji wadogo Kahama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, hivyo fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi au mlezi. Machimboni mlezi ni nani? Baba kafuata rashi nyingine, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa, mama kaolewa kwingine, mtoto yuko kwa shangazi na anakula kwa mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mwenye karasha huja na kalamu yake tayari. Namkatalia. Anayefaidika na jasho la mtoto hawezi kumsemea.

Shangazi akishaweka dole gumba, namgeukia mtoto mwenyewe. Namwambia kwa Kisukuma: nitakutoboa kidoleni, itauma kidogo, tone litakaa kwenye kadi hii, na ukikataa hakuna atakayekugombeza. Wapo wanaouficha mkono mgongoni. Hapo naandika kwamba amekataa, hata bibi akisema mshike tu. Sabuni tunayowapa washiriki anapewa vilevile. Tukimnyima, tutakuwa tunanunua damu.

Sisemi watoto waachwe nje ya utafiti. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza watoto wa Geita na Kahama wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu, na dhahabu ikichomwa, mvuke wa zebaki huvutwa hata na mtoto mchanga aliye mgongoni kwa mama. Kule Minamata, Japani, ambako zebaki ilipitia kwenye samaki, akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioumia ubongo. Damu ya mkubwa haitoi habari za mtoto.

Kinachoniuma ni majibu. Kadi husafiri hadi maabara ya mbali, miezi inapita, rashi inahama na familia inahama nayo. Utafiti mmoja niliowahi kuufanyia kazi ulichapishwa, lakini vijijini hakurudi mtu. Mama mmoja alinisimamisha mnadani, mwanawe kamshika mkono: majibu ya mwanangu yako wapi?

Siku hizi, kabla sijakubali kazi, naomba kuona bajeti ya kurudi: nauli, simu ya jirani atakayejua familia imehamia wapi, na mganga wa zahanati aliyeelekezwa la kufanya mtoto akikutwa na zebaki nyingi. Kamati za maadili zinaikagua fomu ya ridhaa neno kwa neno. Ziikague na bajeti hiyo, na isipokuwapo, kibali kisitoke.