Tabaka la Mnara

"Boti ikikaribia, mjukuu wangu, usimuulize mtu. Tafuta mnara wa saa. Ukiuona huo, umeuona mji."

Bibi aliondoka Unguja mwaka 1967, bi harusi, akaja kuishi Magomeni, Dar es Salaam, na hakuhama tena. Mimi nimezaliwa Magomeni hiyo hiyo na nilikuwa sijawahi kuvuka bahari. Kazi yangu ni ya studio: picha za pasipoti, za harusi, kufuta chunusi, kubadilisha pazia la nyuma. Mwezi Juni 2022 nilipanda boti kwa ajili yake. Magoti yalikuwa yamemkatalia ngazi za bandarini, na picha za mtaa wake wa Kiponda ambazo watu walimwonyesha kwenye simu alizirudisha zote. "Zimejaa vitu," alisema. Nikamwahidi mchoro. Ningepiga picha, nizigeuze michoro kwa kompyuta, nizichapishe kwenye kanvasi, nimtundikie ukutani.

Safari ilichukua kama saa mbili. Nilisimama sitaha ya nyuma nikiwa nimekumbatia begi la laptopu, nikihofia chumvi. Mji ulipojitokeza niliiona kwanza Minara Miwili, lile kanisa la Mtakatifu Yosefu, kisha nyumba nyeupe za ufukweni zilizobanana. Mnara wa saa haukuwepo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na mnara ukaanguka nalo. Habari hizo nilizisikia wakati ule, na nyumbani tulikubaliana Bibi asiambiwe. Nilipiga picha mfululizo mpaka boti ikafunga gati, na katika kila picha mahali pake palikuwa na anga tu.

Kiponda niliifikia baada ya kupotea mara tatu. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua la mchana hushuka kama utepe mmoja katikati ya njia, kuta mbili zikibaki kivulini, na simu haiwezi kuvipokea vyote viwili pamoja. Ama utepe unaungua mweupe, ama ukuta unazama mweusi. Nilisubiri alasiri, mwanga ulipolainika. Mlango alioniagiza Bibi niliutambua kwa mfaa wake, ule mti wa katikati, uliochongwa maua, na kwa mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu. Misumari ya shaba ilikuwa imepungua, mingine imeacha matundu tu.

Mzee mmoja alikuwa ameketi barazani na kikombe cha kahawa. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya Bibi.

"Piga picha ya mlango, mwanangu. Mimi niache."

Nikapiga. Kanzu yake ilibaki pembeni ya fremu, kwa sababu njia haikunipa nafasi ya kurudi nyuma.

Usiku, chumbani kwa wageni, nikafungua GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Nikabofya kichujio cha rangi ya mafuta nikitarajia muujiza. Likatoka tope. Kosa la kwanza lilikuwa langu: picha nilijitumia kwa ujumbe wa simu, zikabanwa njiani, na kichujio kikavinenepesha vile viraka vilivyotokana na kubanwa. Nikazihamisha upya kwa waya. Zilikuwa bora, lakini misumari ya shaba ilikuwa imetoweka.

Nilikesha nikitafuta sababu. Kichujio kile huichukua kila pikseli, kikatazama jirani zake ndani ya duara dogo, kikawagawa makundi kwa mwangaza wao, kisha kikaipa pikseli rangi ya wastani ya kundi lenye wengi. Ni kura. Mbao ni nyingi na msumari ni mdogo, basi msumari hushindwa kila mara. Kipo kingine, kichujio cha Kuwahara, ambacho hugawa ujirani huo robo nne na kuchagua robo iliyotulia zaidi kwa rangi, hivyo kingo hubaki kali. Kilibuniwa Japani, makala yake yakatoka mwaka 1976, kwa ajili ya kusafisha picha za moyo wa mgonjwa. Hicho kiliuokoa mnyororo. Ila hata chenyewe hakikujua kwamba kwa Bibi yale matundu yalikuwa na thamani kuliko ukuta mzima.

Kwa hiyo nilivitumia vichujio kama rangi ya chini tu. Niliporudi Dar nikafungua tabaka jipya juu, nikashika kalamu ya kibao, nikanyonya rangi kutoka kwenye picha yenyewe na kuanza na brashi pana: kivuli, utepe wa jua, mlango. Nyaya za umeme niliziacha nje. Kanzu ya mzee niliifunika kwa rangi ya chokaa, kama alivyotaka. Misumari niliichora mmoja mmoja, na matundu yake. Wiki tatu za usiku, michoro miwili, mlango na mji kutoka baharini, kila mmoja pikseli 3508 kwa 4961 ili utoshe ukubwa wa A3.

Bibi aliuelewa mlango mara moja. Alipitisha kidole juu ya mfaa. Mchoro wa pili aliushika muda mrefu karibu na dirisha.

"Mnara umeuweka wapi?"

Nikamwambia. Alinyamaza, kisha akasema hata ule haukuwa wa kwanza: baba yake alimhadithia kwamba mizinga ya Waingereza iliuangusha mwingine mwaka 1896, huu wa saa ukajengwa baadaye.

"Uchore."

Alivuta kigoda akakaa kando yangu. Picha sikuwa nayo. Alinielekeza kwa maneno na kidole kwenye kioo: panda kidogo, hapo saa, hapo paa, hapana, mwembamba zaidi. Niliuchora kwenye tabaka la peke yake, ili jicho dogo la kuficha tabaka, pembeni mwa kioo, likifungwa mji urudi kama nilivyoukuta mimi. Bibi alilibofya mwenyewe mara mbili, akafunga, akafungua. Kisha akaniambia nikachapishe picha zote mbili, yenye mnara na isiyo nao.