Video Yangu ya Februari Sio Mlima wa Aprili

Kila mwaka mvua ikianza naulizwa swali moja: "Msee, Mlima Kenya mwezi wa nne iko sawa?" Halafu mtu ananitumia video yangu mwenyewe, ile ya Point Lenana, jua linachomoza, anga safi, mimi natabasamu kama nimelipwa. Leo wacha nijibu vizuri, kwa sababu mwaka jana nilijibu vibaya.

Ile video niliichukua Februari. Januari na Februari huko juu huwa kukavu, hata Julai hadi Septemba si mbaya. Aprili ni masika yenyewe. Sikuandika mwezi popote. Sikudanganya mtu, nilinyamaza tu.

Watu saba wakaiona wakataka niwapeleke Aprili. Walilipa. Hiyo pesa nilikuwa nimelipia nyumba kabla hata hatujatoka Nairobi, ndiyo maana niliwaambia "mvua ni kidogo tu" bila kuuliza mtu yeyote wa Naro Moru.

Siku ya kwanza, kutoka getini hadi Met Station, mita 3,050, tulipanda barabara ya gari tukicheka. Siku ya pili tukatoka msituni tukaingia sehemu inayoitwa Vertical Bog. Ni mteremko wa nyasi na tope, na hata kiangazi hapo huwa majimaji. Aprili unakanyaga, tope linakumeza hadi gotini, unavuta mguu, kiatu kinabaki. Mvua ikageuka mawe. Mwongozaji wetu, mzee wa huko, aliniambia mara mbili, "Kijana wangu, hapa turudi." Nikamwambia, "Mzee, tujikaze kidogo tu." Akili yangu ilikuwa kwa picha.

Msichana mmoja alikuwa na jinzi na hudi ya pamba. Mimi ndiye nilisema "vaeni nguo nzito," basi. Pamba ikilowa huko juu haikauki, inakunyonya joto. Alitetemeka karibu saa nzima, halafu akaacha. Nikafurahi, nikadhani amezoea baridi. Mzee akamuuliza jina lake, akajibu kwa ulimi mzito kama mlevi. Hapo mzee hakuniomba ruhusa tena. Alimvua ile hudi, akamvisha jaketi lake mwenyewe, tukageuka sote. Akanieleza tukishuka: mtu aliyelowa akiacha kutetemeka, hajapata nafuu. Mwili umeishiwa nguvu za kujipasha joto.

Pale Met Station alipewa nguo kavu, blanketi na chai. Jioni alikuwa anaongea vizuri. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilidhani kuko vile kwa video." Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Aprili watu hupanda, lakini si kwa mpango wa Februari. Pitia Sirimon, upande huo huwa mkavu kuliko Naro Moru. Acha pamba nyumbani, vaa sufu au poliesta. Nguo kavu zifunge kwa mfuko wa plastiki ndani ya begi, na usiziguse hadi ufike kambini. Ongeza siku moja kwenye ratiba ili usilazimike kupigana na mvua. Na kabla ya kuondoka, kikundi kikubaliane kwamba mwongozaji akisema turudi, tunarudi. Kilele hakiendi popote.

Wenzangu tunaotengeneza video, tuandike mwezi. Mimi nimeandika "Februari" kwa herufi kubwa, kazi ya sekunde kumi. Wale saba bado nawarudishia pesa pole pole, wawili wamebaki. Na hilo ndilo nililojifunza zaidi ya mambo ya tope: ukishakula pesa ya safari, wewe si mtu wa kuamua kama mvua ni nyingi. Piga simu, muulize aliye kule mlimani, halafu umsikize.