Bado Mmoja

Nilipokuwa nasoma diploma nilikuwa napanda matatu ileile ya Kayole kila asubuhi, saa kumi na mbili unusu, na makanga wake alikuwa na namna yake ya kujaza watu. Viti vimejaa, mtu amekalia sambaza, mwingine ananing'inia mlangoni, na bado jamaa anapiga bodi ya gari kwa kiganja akiita: songa, songa, bado mmoja. Hakuwa anaimba. Lakini kile kiganja kilikuwa na mdundo, na neno "bado" alilivuta kidogo, kwa hivyo ukishuka tao linabaki kichwani mpaka saa nne.

Hayo maneno ndiyo niliyoyapeleka studio mwaka 2019. Nikisema "niliyapeleka" inaonekana kana kwamba nilipanga. Sikupanga. Nilikuwa nimeenda kudai chaja yangu.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kwenye ploti ya jirani. Blanketi ukutani, trei za mayai kwenye dari, waya wa hanga umefungwa stokingi na kuwekwa mbele ya maikrofoni ili herufi "p" zisilipuke. Vijana watatu walikuwa na biti na mistari ya kila mmoja, ila korasi hawakuwa nayo. Walikuwa wamejaribu nne, zote zikafa. Mmoja akaniangalia akasema, "Siste, si wewe huimba kwaya? Hebu tuwekee kitu hapa." Nikaimba ya makanga, kwa mzaha. Wakacheka. Produsa hakucheka. Akaniambia nirudie, halafu nirudie tena nikiwa nimesogea nyuma hatua moja, halafu tena kwa sauti ya chini kama mtu anayenong'ona. Mara tano. Akazipanga zote juu ya nyingine, akanyoosha sauti kwa kompyuta, na ghafla tukawa wasichana watano ambao hakuna hata mmoja aliyefanana na mimi. Ilichukua kama nusu saa. Nikachukua chaja yangu nikaenda.

Kesho yake wakanitumia bob 1,500 kwa M-Pesa. "Ya fare na lunch," ndivyo walivyoandika kwenye WhatsApp. Niliona ni pesa nzuri sana.

Kama hukuwa Nairobi miaka hiyo, ni vigumu kueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Ethic, vijana wa Umoja, walikuwa wametoa Lamba Lolo mwaka 2018 na video ambayo ilionekana imepigwa kwa pesa ya chai, na ikavuma kuliko za watu wenye bajeti. Mwaka uliofuata Sailors wakaja na Wamlambez, na hapo kila mtaa ukawa na kundi lake. Watu wazima walilalamika kuhusu matusi, na ukweli usemwe, matusi yalikuwepo. Lakini waliolalamika hawakuangalia jinsi zile nyimbo zilivyojengwa. Wamlambez ni wito na itikio: mmoja anaita, umati unajibu. Haihitaji spika. Inaweza kuimbwa kwenye basi la shule, uwanjani, hata kwenye foleni ya choo cha klabu. Wimbo ambao umati unaweza kuubeba bila redio umeshajitangaza wenyewe.

Yetu ilikuwa hivyohivyo. DJ anakata muziki anasema "songa, songa", na watu mia mbili wanamalizia. Kwenye mistari ya wale vijana, "bado mmoja" ilikuwa chupa moja zaidi, halafu raundi moja zaidi ya kitu kingine. Mimi nilikuwa nimeimba kuhusu kiti cha matatu. Wiki ya tatu nikaisikia kwenye gari la Rongai. Wiki ya sita nikaisikia kwenye harusi ya binamu yangu, MC akiita watu wasogee kwa picha, na shangazi zangu wa kanisani wakiitikia bila kujua wanaitikia nini. Video ilipofika milioni 2 niliacha kuhesabu. Kwenye video kuna msichana anayefungua mdomo pale ninapoimba. Ni mrembo kunishinda, sikatai. Chini yake kuna majina ya vijana watatu, produsa, mpiga video, hata jina la kinyozi. Langu halipo.

Nilienda kulia kwa baba.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio kaseti River Road miaka ya 1980, enzi ambapo ule mtaa ulikuwa soko la muziki: studio juu, duka la kanda chini, na mwimbaji kwenye ngazi akisubiri kulipwa. Hakunipa pole. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, ulisaini nini?" Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nikasema sikusaini kitu. Akasema basi hata wao hawakusaini, na akaanza hadithi ya Malaika, ambayo kwetu husimuliwa kama vile familia nyingine husimulia kesi ya shamba.

Fadhili William, Mtaita, ndiye anayetambulika kuurekodi mwanzo, hapa Nairobi. Ukaimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M, ukaimbwa na Angélique Kidjo. Wimbo wa mwanaume anayelia kwamba hana pesa ya kuoa umezunguka dunia nzima ukiwaingizia watu pesa. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafariki Nairobi mwaka 2001, na mpaka leo watu wanabishana kama ulikuwa wake. Kwa sababu kuna Adam Salim, mzaliwa wa Tanganyika, aliyedai kwamba aliutunga yeye miaka ya 1940 kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi walimwoza kwa mtu mwenye mali. Wapo wanaomwamini Salim kabisa. Baba si mmoja wao. "Kuimba hewani si kitu," aliniambia. "Hewa haina risiti."

Nilifikiri anasema vile kwa sababu alikuwa akiuza kanda. Baadaye nikasoma sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 na nikakuta inasema karibu jambo lilelile kwa maneno marefu: kazi hailindwi mpaka iandikwe, irekodiwe, au iwekwe kwenye umbo fulani linaloshikika. Mtu anaweza kuimba wimbo wake kwa miaka kumi kwenye harusi za kijijini, halafu wa kwanza kufika studio akawa ndiye mwenye ushahidi. Kwa hivyo nilijipa moyo. Mimi niliimba mbele ya maikrofoni, na sauti iko kwenye rekodi, hata kama imenyooshwa. Katika kesi hii, mimi ni Fadhili.

Wale vijana nao hawakufaidi kwa muda mrefu, na hilo lilinifurahisha kwa kiasi ambacho sijivunii. Machi 2020 korona ikaja, klabu zikafungwa, shoo zikaisha. Ndipo wakagundua kwamba chaneli ya YouTube ilifunguliwa kwa barua pepe ya meneja, na meneja hapokei simu. Siku moja wakaamka wakakuta chaneli ina jina lingine. Video ikatoweka. Waliotaka wimbo wakawa wanausikiliza kwenye akaunti za watu wasiojulikana, walioupakia wakiwa wameubana kasi.

Mmoja aliendelea peke yake. Ametoa nyimbo tano, na mbili kati ya hizo ni bora kuliko ule, nasema hivi nikiwa na kinyongo chote. Hakuna anayezijua. Akipanda jukwaani, dakika ya pili watu wanaanza kupiga meza: songa, songa. Alijaribu kukataa mara moja, Nakuru, wakamrushia chupa ya maji. Na anapouimba, korasi hana. Inabidi umati umwimbie, au apige rekodi, na sauti inayotoka kwenye spika ni yangu mara tano.

Nadhani hilo ndilo ambalo hatukuwahi kulijadili pale studio, kwamba wimbo ukishika unaweza kukuandikia kazi ya maisha yako yote. Muulize mwanabendi yeyote wa hoteli za Pwani ameimba Jambo Bwana mara ngapi. Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms aliujenga kutokana na alichokisikia kila siku akipigia watalii muziki Mombasa: salamu, habari za huku na kule, karibu kwetu. Ulitoka 1982, na mwaka uliofuata Boney M walikuwa na toleo lao. Bendi ile ilifanya mambo mengine mengi mazuri, ila Mzungu akishuka ndege anataka ule. Kila neno mle ndani ni la kila mtu. Hakuna anayemiliki "habari gani". Lakini hakuna anayesema Harrison aliiba. Aliokota maneno ya barabarani akayapanga yakawa wimbo, na wimbo ni wake.

Hoja hiyo niliishika kwa miaka. Ilinifaa sana.

Halafu mwisho wa 2024 Kasongo akaamka. Orchestra Super Mazembe walitoka Zaire, wakapitia Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974, na wimbo wao wa mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani ulikuwa umelala kwenye redio za wazee na baa za nyama choma. Ghafla Wakenya wakaufanya jina la utani la Rais Ruto. Ukawa kwenye kila simu, kila matatu, vijana waliozaliwa miaka thelathini baada ya rekodi wakiuimba neno kwa neno. Nadhani hapo kila mtu mwenye wimbo uliowahi kuvuma alikaa akafikiria: je, wangu ukiamka, karatasi ziko wapi?

Ndiyo maana yule kijana alinipigia. Wanataka kuupakia upya kwa majina yao, kwa njia inayofaa, Skiza na kila mahali, na safari hii wameambiwa kila mtu aliyechangia aandikwe na asilimia yake. Alikuwa mpole. Alisema, "Siste, ile kitu ya 2019 hatukufanya poa." Alinitumia fomu. Ina safu ya jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, safu ya mchango, safu ya asilimia. Jumla lazima iwe 100.

Haki ya mtunzi hapa Kenya hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Nimezaliwa 1999. Nikifika miaka 76 nikafa, wajukuu wangu watakuwa wakila "bado mmoja" mpaka 2125. Nilikaa kitandani nikipiga hesabu hiyo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Jumamosi nikaenda Kayole kumwona baba. Sijakaa huko tangu 2021. Nikapanda gari stejini, na yule makanga yuko, amezeeka usoni, anapiga bodi kwa kiganja kilekile. Akasema songa, songa, na wasichana wawili wa nyuma, wa sekondari, wakamalizia kwa tyuni ya studio yetu, ile ya sauti tano. Gari lote likacheka. Yeye akatabasamu kidogo, kama mtu aliyezoea.

Nilikuwa nimekaa kiti cha mlangoni. Mzee mmoja karibu yangu akamwambia, "Hiyo wimbo umeishika sana." Makanga akajibu bila hasira, huku akihesabu noti, "Imeshikwa kutoka kwangu, mzee. Nimesema hivyo tangu 2011. Kuna kijana alikuwa anapanda hii gari, akaenda akaimba."

Kijana. Hata hakuwaza kwamba ni msichana.

Nikamwambia, "Ni mimi." Sijui kwa nini nilisema. Akaniangalia kuanzia viatu. "Ni wewe nini?" Nikasema mimi ndiye niliyeimba korasi. Akacheka, akasema imba basi tusikie. Nikaimba, polepole, nikiona aibu, na wasichana wa nyuma wakatikisa kichwa. "Hapana," makanga akasema. "Sauti si hiyo." Akanyoosha mkono. "Hamsini, siste."

Nililipa. Nilimwambia baba jioni hiyo, na baba, mtu wa hewa-haina-risiti, alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu akauliza yule makanga anaitwa nani.

Stejini wanamwita Bado. Nilifikiri ni kwa sababu ya wimbo, kumbe wanamwita hivyo tangu zamani. Fomu inataka jina la kitambulisho. Kwa mujibu wa sheria hana dai lolote, na kijana wa kundi, nilipomgusia, alisema nikitaka kumgawia makanga nimgawie kwenye yangu, si yao. Hilo nalo ni haki. Wamenipa 20. Nimeandika 15 na 5, nikafuta, nikaandika 10 na 10, nikafuta. Jana usiku nilirudisha 20 nikakaribia kutuma.

Kijana anataka jibu Ijumaa. Alhamisi nina ruhusa nusu siku, na gari la Bado hupiga foleni stejini mpaka saa nane.